Mshenga Aliyetaka Neno Mara Tatu

Jina lake nalijua, ila silisemi. Nimelitumia vibaya vya kutosha. Mtaa wetu wote pale Tabata ulimwita Mshenga, na watoto waliokulia pale walidhani ndivyo alivyoitwa tangu mwanzo.

Aliyepeleka barua za posa alikuwa yeye. Wapo washenga wengi mjini, wajomba na majirani wanaokodishiwa kanzu siku hiyo na kusahau siku ya pili. Huyu alikuwa mshenga mwaka mzima. Ukimwona asubuhi amevaa lile koti lake la kijivu juu ya kanzu, na kitambaa cheupe kimekunjwa mfukoni, ulijua kuna nyumba inakwenda kuulizwa. Wanawake waliacha kufagia wakamwangalia ataingia wapi.

Alikuwa na namna yake ya kuingia. Alivua viatu nje ya mlango, kisha akainama na kuvigeuza, vidole vya viatu vikiangalia njia. Hakukalia kiti alichoonyeshwa kwanza, alichagua kilicho karibu na mlango. Maji aliyoletewa hakuyagusa, na akipewa jibu la kupeleka aliondoka bila kunywa. Kama hakuna jibu la kupeleka, alikunywa yale maji polepole, akageuka kuwa mgeni wa kawaida, akauliza habari za mafua ya watoto.

Lakini kilichomtambulisha hasa ni zile mara tatu. Ukimpa jibu, alitaka ulirudie mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza akitazama sakafu. Mara ya pili alikutazama mdomo. Mara ya tatu alikushika mkono wa kulia, akaukaza mpaka umalize.

"Mshenga, kwani una ugonjwa wa masikio?" watu walimtania.

"Masikio mazima. Ila ninaowapelekea watasikia mara moja tu. Nataka mie nizimalize mbili zilizobaki."

Aliwahi kunisimulia habari ya mama mmoja wa Vingunguti, mke wa muuza nyama pale machinjioni. Mama alikubali posa ya binti yake mara ya kwanza, akakubali ya pili, na ya tatu, mkono wake ukiwa umeshikwa, akaanza kulia. Ikatokea kwamba binti alikuwa hajaulizwa kabisa. Mshenga akanywa maji yake, akarudi kwa waliomtuma akawaambia nyumba ile haijawa tayari. Hakueleza zaidi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba hakuna mtu anayeweza kudanganya mara tatu mkono wake ukiwa umeshikwa. Aliamini hivyo kama wengine wanavyoamini hirizi.

Yeye mwenyewe aliacha wake wawili, au waliachana naye, inategemea unamuuliza nani. "Mie ni mzuri nikiwa natumwa," alisema. "Nikijituma mwenyewe naharibu." Alikuwa mchoyo wa sukari, na alikuwa akinena vibaya kuhusu majirani waliohama. Nasema haya nisije nikamfanya malaika. Hakuwa malaika, na katika gemu alikuwa mhongaji mkubwa.

Gemu hilo lililetwa na Rehema, binti yangu wa mwisho. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa bohari na nilikuwa nakaa sebuleni mchana kutwa. "Baba, utazeeka ukiangalia ukuta," alisema, akaniachia kompyuta yake ya zamani. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa zama za kale za wafalme na masultani: ramani kubwa, Ulaya juu, Misri na Shamu chini, miji yenye kuta, majeshi, na mabalozi wadogo wanaotembea kwa miguu kutoka ufalme hadi ufalme. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mie Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na Mshenga hakuwa nacho kabisa, kwa hiyo Rehema aliandika maneno yote kwenye karatasi ya manila akaibandika ukutani: Balozi. Mapatano. Maliza Zamu. Na pembeni akachora ngazi ya sifa za mtawala, kutoka juu kwenda chini: Mwaminifu. Wa Kawaida. Wa Kutiliwa Shaka. Msaliti.

Mie na Mshenga tulikuwa tukikaa kucheza baada ya swala ya alasiri. Tulicheza kwa zamu kwenye kompyuta hiyo moja, kila mtu na ufalme wake. Mie nilikuwa Sultani wa Misri. Mshenga, mtu ambaye hakukosa msikiti hata siku ya mvua, alichagua mfalme Mkristo wa kisiwa kidogo.

"Mbona unatuaibisha?" nilimwuliza.

"Kule kwangu kuna Papa. Nikikosea nina mtu wa kumwomba radhi. Wewe Sultani ukikosea utamwomba nani?"

Na kweli alimtumia vizuri huyo Papa. Katika gemu, Papa anakupima. Ukijenga makanisa na kukaa kwa amani na Wakristo wenzako, anakupenda. Ukiwapiga, anakutenga, na ukitengwa majirani wote wanapata ruhusa ya kukuvamia. Mshenga alimpelekea zawadi, aliwahonga makadinali wapige kura anavyotaka, kisha akanigeukia na uso wa mtu mwema. "Hapa si dhambi," alisema. "Hapa ni kupeleka zawadi kabla ya ombi. Ndiyo kazi yangu."

Majeshi hayakumtisha. Alichoogopa ni dini. Katika gemu kila mji una hesabu ya imani za watu wake, na ile hesabu inasogea taratibu. Kasisi mmoja au imamu mmoja anasimama nje ya kuta zako, hana upanga, hana farasi. Zamu zinapita. Humwoni akifanya chochote. Halafu siku moja unafungua ramani, na mji uliokuwa wako unawaka moto na hauhesabiwi tena upande wako. Mshenga akimwona imamu wa namna hiyo karibu na mji wake, alivuta kiti akasogelea kioo.

"Jeshi unaliona likija," aliniambia mara moja. "Hili huna habari nalo. Unakula, unalala, kumbe nyumba ilishaondoka."

Wakati ule Rehema alikuwa jikoni, anatukaangia mihogo, anacheka na simu. Nilimsikia anavyocheka. Sikufikiri chochote.

Mimi nilicheza kwa namna moja tu. Nilifanya mapatano nisiyokusudia kuyatunza. Niliwahi kupatana na Mshenga, akaniamini, akaondoa askari wake kwenye mji wa pwani kwenda kuulinda mji mwingine. Nikasubiri zamu nne, nikauchukua ule wa pwani ukiwa mtupu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakukasirika. Aliinuka akaenda kwenye karatasi ya manila, akaweka kidole kwenye neno la mwisho kabisa la ngazi.

Baada ya hapo nilipotuma mabalozi kwa wafalme wengine, hawakupata kitu. "Tazama," alisema Mshenga. "Hawakukatalii. Wanamsimamisha balozi wako juani tu, mpaka achoke arudi."

"Ni gemu, Mshenga."

"Gemu, ndiyo. Ila kidole kilichobonyeza ni chako."

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka.

Rehema alikuwa amempenda kijana aitwaye Yohana, fundi umeme, Mkristo, wazazi wake wa Mbeya. Baba mdogo wake alikaa Tabata na alitaka kutuheshimu sisi watu wa pwani kwa desturi zetu. Akauliza mtaani ni nani anayejua kupeleka barua, akaambiwa. Basi rafiki yangu, aliyekuwa akiingia kwangu kupitia uani na kufunua sufuria bila kuuliza, Jumamosi moja asubuhi alibisha mlango wa mbele.

Alivua viatu, akavigeuza viangalie njia. Akakaa karibu na mlango.

"Mshenga, leo umekuwa mgeni?"

"Leo nimetumwa."

Alifungua kitambaa, akanipa barua. Rehema alimletea maji, akampa shikamoo, na Mshenga akaitikia bila kumtazama. Maji yakabaki juu ya stuli.

Nilikuwa nimeshasikia habari hizo kwa kaka yangu mkubwa, aliyekaa Temeke. Kaka ndiye aliyenisomesha. Alikuwa ameshaniambia kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: "Binti yako akiolewa bomani na Mkristo, mie kwenye maziko yako usinitegemee." Maneno hayo yalinikaa. Nilijiona nimebebwa na watu wachache, kaka hayupo. Na Rehema naye alikuwa ameniambia yake: "Baba, mie sitaki siri. Ukikataa niambie hapana, nitaelewa nifanye nini." Nilijua atafanya nini. Angekwenda bomani wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo niliogopa hapana, na niliogopa ndiyo. Nikataka muda. Nikafanya kile nilichokuwa nakijua.

"Waambie nimekubali," nilimwambia Mshenga. "Kila mmoja abaki na dini yake. Waje Jumamosi ya kwanza baada ya Idi kutoa mahari."

Alikuwa anatazama sakafu. "Sema tena."

Nikasema tena. Alinitazama mdomo.

Mara ya tatu alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nilisema maneno yote, kwa mpangilio ule ule, bila kukwama. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwaka mzima, yeye akiwa amekaa pembeni yangu.

Alikaa kidogo bila kuniachia. Kisha akasema anachosemaga siku zote, "Nimesikia, nitafikisha," akaondoka bila kunywa maji.

Katikati ya mfungo nilimwambia Rehema kwamba shangazi yake kule Lindi anaumwa, aende akamwangalie. Shangazi hakuwa na ugonjwa wowote. Kaka alikuwa amemwandalia mwanamume kule, na shehe wa kufungisha. Jumamosi ile ya kwanza baada ya Idi nilifunga geti kwa kufuli nikaenda Temeke kukaa na kaka.

Yaliyotokea getini sikuyaona. Aliniambia mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, na hakupenda kuniambia. Wazee walikuja sita, wengine wamesafiri kutoka Mbeya, wanawake wamevaa vitenge vya kufanana. Mbele yao Mshenga na koti lake. Alibisha geti. Walisimama kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wa mtaa walitoka wakasimama milangoni. Kuna mtoto alisema "Mshenga kafungiwa," akanyamazishwa. Mwishowe baba mdogo wa Yohana akamwambia, "Mzee, sie tulikuamini wewe. Hatukumjua mwenye geti."

Angeweza kunitaja. Angeweza kusema jibu lilitoka wapi, na kwamba alilichukua mara tatu. Alisema, "Ndiyo. Ni mie niliyeleta neno." Kisha akawasindikiza mpaka kituoni.

Rehema aliambiwa na binti wa shangazi yake asubuhi ya siku aliyoandaliwa ndoa. Alitoka na kanga aliyokuwa amevaa akapanda basi. Yeye na Yohana walioana bomani mbele ya mashahidi wawili tu. Alinipigia simu mara moja tu.

"Baba, ulimwambia Mshenga mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukaweza?"

Akakata. Namba ile haipatikani tena. Hiyo ni miaka sita sasa.

Mtaa haukunifanyia kitu. Salamu zilibaki. Ila nilipofika barazani mazungumzo yalikuwa yanaisha, na nilipouliza jambo nilijibiwa kwa adabu jibu ambalo halikuwa na kitu ndani. Nilimkumbuka balozi wangu aliyesimamishwa juani. Kwa Mshenga ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na kitu cha kupoteza. Posa iliyofuata mtaani ilipelekwa na mtu kutoka Segerea. Na iliyofuata. Lile koti la kijivu likawa linaonekana kwenye kamba ya nguo tu. Baada ya mwaka hivi alihamia Kigamboni kwa mpwa wake wa kike. Sikwenda kumuaga. Nilipakia ile kompyuta kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na karatasi ya manila, nikamtumia. Hakurudisha neno, na hakurudisha kompyuta.

Na kaka yangu, ambaye kwa ajili ya maziko yangu nilifanya yote haya, alitangulia yeye. Nilikwenda. Nilibeba jeneza. Wakati wa kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna tena wa kumwogopa.

Mwezi uliopita nikavuka daraja kwenda Kigamboni.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta. Amekonda, pumzi fupi, miguu imevimba mpaka kwenye vifundo. Karatasi ya Rehema ilikuwa ukutani, gundi imegeuka njano. Hakushtuka.

"Karibu, Sultani."

Ramani ilikuwa ile ile tuliyoiacha. Ufalme wake kisiwani, wangu Misri. "Unacheza na nani?" nikamwuliza.

"Sichezi. Kila siku baada ya alasiri nabonyeza Maliza Zamu. Yangu moja, yako moja. Sijavamia mtu, sijavunja neno. Nataka nione watachukua muda gani kukusahau."

Alinionyesha. Sultani wa Misri alikuwa ametoka kwenye Msaliti. Alikuwa Wa Kutiliwa Shaka. Kwa miaka mitano ya alasiri.

Nilimwuliza kama Rehema huja kumwona. Alisema huja. Alisema kuna mtoto wa kiume, miaka minne, anapenda kubonyeza kile kitufe.

"Nataka unipelekee neno kwake," nilisema.

Alimwita mpwa wake, akamwomba koti. Lilikuwa limemzidi sasa. Akasogezwa na kiti chake mpaka karibu na mlango. Mpwa akaleta maji, na Mshenga akaashiria yawekwe pembeni. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemtuma mahali.

"Sema."

"Mwambie aje. Aje na mumewe na mtoto. Sitamdai mtu yeyote dini."

Alikuwa anatazama sakafu. "Sema tena."

Nikasema tena, yeye akinitazama mdomo.

Kisha akanishika mkono. Safari hii wake ulikuwa wa baridi. Nikasema aje. Nikasema aje na mumewe na mtoto. Nikafika kwenye lile la mwisho na ulimi ukasimama. Kwa sababu siku mbili nyuma nilikuwa nimepita kwa mwalimu wa madrasa nyuma ya msikiti wetu, nikamwambia nina mjukuu wa kiume anayekuja karibuni, amwekee nafasi. Nilikuwa nimesikia mtaani kuwa kuna mtoto. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni jambo dogo, nitalisema wakishazoea nyumba.

Mshenga alisubiri. Kisha akaniachia mkono. Akachukua yale maji, akanywa polepole, glasi nzima.

"Siku ile," nilimwuliza, "ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nimekaa nawe mwaka mzima, nimekuona unavyocheza."

"Mbona ulipeleka?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Nilidhani ya tatu itakushinda. Wewe ndiye wa kwanza kuiweza. Basi hilo kosa ni langu, si lako. Lako ni lile lingine, la kusema usichokusudia." Akamgeukia mpwa wake. "Nirudishe kwenye kompyuta." Na kwangu akasema, "Njoo Jumamosi. Utasema tena."

Nimekwenda Jumamosi tatu. Kila mara koti, kila mara kiti karibu na mlango, na kila mara nimekwama pale pale, na yeye amekunywa maji. Mara ya tatu hiyo mkono wake haukukaza tena. Ulilala tu juu ya wangu. Mpwa wake alinisindikiza nje akasema, "Mzee, ukiwa na la kumwambia, mwambie. Usiku hapumui vizuri."

Jumamosi hii iliyopita nilianzia kwa mwalimu wa madrasa. Nilimwambia afute ile nafasi, hakuna mjukuu wangu atakayekuja kwake. Akauliza, "Umegombana nao?" "Hapana," nilisema. "Si wangu wa kumpangia." Nikapanda gari kwenda Kigamboni, na njia nzima nililisema kimoyomoyo. Aje na mumewe na mtoto. Sitamdai mtu yeyote dini. Halikukwama.

Mpwa wake alinipokea kabla sijabisha. Alisema mzee amelala, usiku ulikuwa mgumu, tusimwamshe kwanza.

"Ila aliamka alfajiri," alisema. "Kanisumbua nimtolee viatu. Havai viatu tangu mfungo, miguu haiingii. Kasema leo anatumwa."

Nikatazama chini. Vilikuwa pembeni ya mlango, vimepakwa rangi, vimegeuzwa vikiangalia njia.

Nikavua vyangu. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mkono wangu wa kulia juu ya goti, nikimsubiri aamke.